Orodha ya anwani si maktaba

Wako watu wanaosema kwamba mwanafunzi aliyekimbia vita na kuacha vitabu vyake nyumbani hana tena haja ya maktaba, kwani kila kitu kinapatikana kwenye intaneti. Eti inatosha apewe orodha ya anwani za kurasa nzuri, azifungue kwa simu. Maneno hayo ni matamu masikioni, lakini yanamwacha mtoto mikono mitupu.

Haki itendeke kwanza: vifaa vya kuwekeana anwani za intaneti vina faida. Msomaji akipata ukurasa unaofaa, anahifadhi anwani yake mahali ambapo wengine wataiona, na anaongeza maneno machache ya kuutambulisha. Mwaka 2005, maktaba ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, ilijitengenezea kifaa chake, PennTags. Wanafunzi na walimu waliweza kuhifadhi humo anwani za intaneti pamoja na vitabu vya maktaba yenyewe. Uzuri wake ni kwamba mtu anapanga kwa maneno yake ya kila siku. Mkulima akiandika "ugonjwa wa mihogo", mkulima mwenzake ataelewa hata kama hajui jina ambalo wataalamu wanaupa.

Lakini anwani hizo zinakaa kwa nani? Delicious, kifaa kilichojulikana sana, kilianza mwaka 2003. Kampuni ya Yahoo ilikinunua mwaka 2005, ikakiuza mwaka 2011. Mwaka 2017 kilinunuliwa na mshindani wake, Pinboard, na hapo kuongeza anwani mpya kukasimamishwa. Connotea, kilichotengenezwa na wachapishaji wa jarida la Nature kwa ajili ya watafiti, kilifungwa mwaka 2013. Maktaba inayoweka kumbukumbu zake zote kwa kampuni ya mbali inajenga kwenye kiwanja cha mtu. Siku mwenyewe akiuza, mpangaji haulizwi.

Tena, anwani si kitabu. Huku Kivu, kuifungua kunadai mega, na mega ni pesa. Kuchaji simu nako kunalipiwa. Familia iliyokosa unga haitanunua mega. Kumpa orodha ya anwani mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa serikali ni kama kumwonyesha mwenye kiu njia ya bomba, huku bomba lenyewe limefungwa.

Njia bora ipo. Mwaka 2014, shirika la Bibliothèques Sans Frontières lilipeleka Ideas Box katika kambi za wakimbizi Wakongomani nchini Burundi. Ni masanduku yanayofunguliwa na kuwa maktaba, yenye vitabu vya karatasi na tableti. Kuna pia Kiwix, programu inayowezesha kusoma Wikipedia iliyohifadhiwa ndani ya simu au kompyuta, bila intaneti.

Basi, anayekuja kuwaahidi wakimbizi wa ndani maktaba ya kwenye simu aulizwe mambo matatu. Masomo yenyewe yamehifadhiwa wapi? Yanasomeka bila mega? Na nani atakaa hapo kila siku kumsaidia mtoto kuchagua? Akiwa na majibu, orodha yake ya anwani ipokelewe kama nyongeza. Akikosa majibu, wazazi wasikubali orodha hiyo iitwe maktaba.