Mama Yako Anafanya Kazi Gani?

Wiki iliyopita shoga yangu wa ofisini kanionyesha klipu kwenye simu: mabinti wa Kimarekani wamejazana mlangoni mwa jumba moja, wanaimba na kupiga makofi utadhani timu yao imetwaa kombe. "Hawa nao vipi?" kaniuliza. Nikacheka, kisha nikanyamaza. Mlango wa namna hiyo nimeshaingia, na nilitoka vibaya.

Enzi hizo nasoma chuo kwenye jimbo moja la kusini mwa Marekani. Kule kuna sororiti, yaani vyama vya kina dada wa chuo vinavyoitwa kwa herufi za Kigiriki. Vyama 26 vya kitaifa viko chini ya National Panhellenic Conference, iliyoanza 1902. Ukikubaliwa unapata dada wa kudumu, mara nyingi na nyumba ya kuishi, na baadaye watu wa kukushika mkono kwenye ajira. Mwenzangu wa chumbani alikuwa anaingia kwenye mchujo, akanivuta. Mgeni, mpweke, nikasema poa.

Jamani, ule ni uchumba wa kasi! Siku ya kwanza unazungushwa nyumba moja baada ya nyingine. Binti anakupokea kwa tabasamu, mnaongea dakika chache, mwingine anakuja kuchukua nafasi yake. Wenyeji wamefundwa wasigusie wanaume, pombe, siasa, dini wala pesa. Pesa hazitajwi, ila viatu vyako vinaangaliwa! Usiku wanachama wanapiga kura, na wewe unapanga nyumba ulizozipenda. Kesho yake unaona nani kakuita tena. Kila raundi orodha inapungua.

Sasa sikiliza nilichofanya. Kila nyumba waliniuliza, "Mama yako anafanya kazi gani?" Mama yangu anakaanga samaki Feri. Ndiyo moshi ulionisomesha. Lakini mie nikajibu, "Ana mgahawa wa vyakula vya baharini." Kwenye nyumba ya tatu mgahawa ukawa miwili. Kwenye ya tano ukawa na mandhari ya bahari.

Nikafika raundi ya mwisho, nyumba mbili zikiwa zimenibakiza. Usiku huo ni wa mishumaa na machozi. Dada mmoja akanishika mkono, akanisimulia jinsi mama yake anavyosafisha vyumba vya hoteli ili yeye asome. Kisha akasema, "Nawe?" Nikarudia uongo wangu wa mgahawa. Hadi leo nikikumbuka naona haya.

Ukitoka hapo unaandika unazozitaka kwa mpangilio, nyumba nazo zinaleta orodha zao, zinalinganishwa. Mie niliandika moja tu, ile ya yule dada. Alfajiri mshauri akanipigia simu: sikupata. Mwenzangu wa chumbani alipata, akaondoka mbio kwenda kushangilia. Nilibaki kitandani nimevaa fulana nyeupe niliyoiandaa kwa siku hiyo.

Baadaye nilikuja kujua kwamba mchezo huu una wataalamu wake. Mwaka 1991 mwanauchumi Alvin Roth na mwenzake Susan Mongell waliandika utafiti kuhusu mchujo wa sororiti, wakaonyesha kwamba mabinti wengi huandika jina moja tu. Roth huyo mwaka 2012 alipata Nobel ya uchumi, pamoja na Lloyd Shapley, kwa kazi ya jinsi pande mbili zinavyochaguana. Kumbe sikuwa mjinga peke yangu!

Je, ngozi yangu ilichangia? Siwezi kula kiapo. Ila mwaka 2013 gazeti la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alabama, The Crimson White, liliandika jinsi wanachama wa zamani walivyohusika kumzuia binti mweusi mwenye alama nzuri, na wanafunzi wakaandamana. Mmarekani mweusi niliyesoma naye aliniuliza, "Mbona hukuja kwetu?" Wao wana vyama vyao. Alpha Kappa Alpha, alichojiunga nacho Kamala Harris, kilianzia Howard mwaka 1908. Kule hakuna kuzungushwa milangoni. Wanaangalia masomo na kazi zako kwa jamii.

Lakini kilichoniuma zaidi si kukataliwa. Nimejiuliza sana: wangenichukua, ningemleta vipi mama siku ya wazazi? Ningemwambia aoge harufu ya samaki, ajifanye tajiri?

Na wewe msomaji, hebu jikague. Kwenye usaili umejiongezea vyeo vingapi? Kwa wakwe umekuwa mtoto wa nani? Demu uliyemwambia gari ni lako, siku mwenye gari akilitaka utasemaje? Ukikubaliwa kwa uongo, aliyekubaliwa si wewe, na wewe ndiye utakayemlisha huyo mtu wa kubuni kila siku.

Miaka ilipita, nikarudi Dar. Jamaa mmoja akanitoa kwa chakula cha jioni, swali likaja lile lile. Moyo ukadunda. Nikamwambia, "Mama anakaanga samaki Feri."

Akaweka uma chini. "Huwa anafunga saa ngapi?"

Tukaacha ile tambi mezani, tukaenda. Mama alimuongezea kipande cha changu bure. Mwaka huu tunatimiza miaka tisa ya ndoa, na bado anadai kipande kile kilikuwa kidogo.

Tukutane mwezi ujao.