Kidonge Kile Kile, Damu Tofauti

Habari ya jeni ya MTHFR imenichosha. Mtu anatema mate kwenye kichupa, anarudishiwa karatasi inayosema ana aina ya jeni hiyo iitwayo 677T, kisha anauziwa foleti ya bei mbaya ati ndiyo "mlo wa jeni zake". Hakuna anayemwambia kwamba kimeng'enya cha jeni hiyo chenye mabadiliko hayo hutulia kikipata riboflavini na foleti ya kutosha, wala kwamba asidi ya foliki iliyomo kwenye unga uliorutubishwa mwili wake unaitumia vizuri tu. Isitoshe, 677T ni adimu kwetu kuliko Ulaya. Tunauziwa dawa ya ugonjwa wa jirani.

Toleo hili lilipangwa kuwa la MTHFR. Nimeligeuza, na kurasa nyingi nimezipa chuma.

Wasomaji wetu wanaujua utafiti wa Pemba uliochapishwa kwenye Lancet mwaka 2006. Watoto wachanga na wadogo waliopewa chuma na asidi ya foliki kila siku walilazwa au kufariki kwa asilimia 12 zaidi ya wenzao, na sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa. Kinachosahaulika ni kwamba katika kikundi kidogo kilichopimwa damu na kutibiwa malaria kwa karibu, watoto waliokuwa wamepungukiwa chuma walinufaika. Kidonge ni kile kile. Hali ya damu na malaria ndivyo vilivyoamua.

Mwaka 2018 jarida la Science likatuingiza ndani ya seli nyekundu yenyewe. Ukutani mwake mna feropotini, protini inayotoa chuma nje. Homoni ya hepsidini ikipanda, feropotini huvunjwa, chuma hubaki ndani, na kimelea cha malaria hukuta meza imeandaliwa. Walio na Q248H, aina ya jeni ya feropotini iliyoenea Afrika, feropotini yao haivunjwi kirahisi, na watoto wa Zambia walioibeba walionekana na vimelea vichache. Sasa niambieni: ni kampuni gani ya vipimo vya mate inayoitaja Q248H kwenye karatasi yake? Madodoso yetu ya lishe nayo yanahesabu dagaa na mchicha tu, hayaulizi lolote kuhusu damu inayovipokea. Nitalisema hili hadi wafadhili wa tafiti wachoke kunisikia.

Kati ya makala nyingine za toleo hili, ile kuhusu selimundu na foleti ni ya kuaminika, na ya upungufu wa kimeng'enya cha G6PD itawafaa wafamasia. Ile ya maziwa na wafugaji ni tamu kusoma, ingawa inahusu utumbo zaidi kuliko damu.

Makala ya mwisho inatetea vipimo vya jeni, nami nimeipitisha bila kuikata. Kwenye fenilketonuria, ugonjwa wa jeni moja ambako mlo uliodhibitiwa tangu siku za kwanza huokoa ubongo wa mtoto, mwandishi ana haki yote. Kwa mengine aliyoyadai, ukurasa wa barua uko wazi.