Saa na Kina cha Mlo wa Samaki

Mvuvi wa kayaki katika maziwa ya milima ya magharibi mwa Amerika Kaskazini hujifunza mapema jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita haraka: kila samaki ana kina chake na saa yake. Kayaki ni mtumbwi mwembamba uliobuniwa na watu wa Aktiki kwa ngozi ya sili; siku hizi hutengenezwa kwa plastiki. Alfajiri mvuvi hupiga kafi polepole huku akikokota mshipi, akiushusha mita chache, kisha chache tena, hadi afikie tabaka la maji baridi alimo kokani. Samaki huyo ni salmoni mwekundu yuleyule aendaye baharini, ila jamii hii humaliza maisha yake yote ziwani. Hula vijidudu vinavyoelea, hasa viroboto wa maji, naye huwatafuta kwa macho, kukiwa na mwanga.

Elimu hiyo ya mvuvi ndiyo iliyokosekana wataalamu walipotaka kumneemesha. Mwaka 1949 uduvi aina ya Mysis waliingizwa katika Ziwa Kootenay, Kanada, wawe chakula cha trauti. Walionenepa ajabu wakawa kokani wa mkono wa magharibi wa ziwa hilo, na habari zikaenea. Kuanzia 1968 uduvi hao walipandwa katika maziwa kadhaa ya jimbo la Montana, Marekani. Mito ikawateremsha hadi Ziwa Flathead, walikoonekana mwaka 1981.

Hesabu ilikuwa nyepesi. Uduvi hula vijidudu, kokani hula uduvi, basi kokani watastawi; ubaoni mishale miwili ingetosha. Lakini uduvi hushinda mchana kutwa gizani, karibu na sakafu ya ziwa, na usiku hupanda juu kula. Kokani aonapo, uduvi hawapo. Uduvi wajapo, kokani haoni. Aliyeletwa awe chakula akawa mshindani, akiwamaliza viroboto wa maji usiku na kumwachia kokani maji matupu asubuhi. Kule Kootenay siri ilikuwa umbo la ziwa: mkondo huwapitisha uduvi juu ya kizingiti chenye kina kifupi na kuwafikisha mbele ya kokani mchana. Wengi walimtazama samaki mnono. Wachache waliuliza alinonaje.

Pigo la pili lilitoka vilindini. Trauti wa ziwani, naye mgeni aliyeletwa Flathead mapema karne ya 20, hukaa chini waliko uduvi. Wadogo wake wakapata mlo tele, wakaongezeka, na wakubwa wakawala kokani. Katika kijito cha McDonald, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1980 kokani zaidi ya 100,000 waliweza kupanda kutaga katika msimu mmoja, walihesabiwa kiasi cha 50 tu mwaka 1989. Tai wenye vichwa vyeupe, waliokusanyika hapo zaidi ya 600 mwaka 1981 ili kuwala, walibaki 25.

Wapo wasemao kwamba kosa lilikuwa kuleta kiumbe mgeni, basi. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni la kivivu, kwani kokani mwenyewe aliletwa Flathead mwaka 1916. Halimwelezi mwanafunzi kwa nini mgeni mmoja alivumilika na mwingine akavunja nyumba. Mwalimu achoraye mnyororo wa chakula ana haki ya kurahisisha. Hata hivyo, mshale usioonyesha saa wala kina ni nusu ya habari, na nusu hiyo ndiyo iliyowapotosha wataalamu wenye shahada. Wala si kweli kwamba jambo hili ni gumu mno kwa kidato cha pili. Mtoto wa Mwanza au Kigoma aliyeona karabai zikiwaka usiku juu ya mitumbwi ya dagaa anajua tayari kwamba ziwa la usiku si ziwa la mchana. Aulizwe tu kwa nini.

Leo makabila ya Salish na Kootenai, yenye ardhi kusini mwa Flathead, huandaa mashindano ya kuvua trauti wa ziwani ili kuwapunguza. Mvuvi wa kayaki amtakaye kokani hufunga mtumbwi wake juu ya gari na kwenda ziwa jingine.