Ushindi na Burudani Ulingoni: Kipi Kitangulie?

Tangu ngumi ziliporuhusiwa tena Zanzibar mwaka 2023, baada ya kupigwa marufuku tangu miaka ya 1960, limezuka swali ambalo kwa miongo mingi wananchi wa Unguja na Pemba hawakuwa na haja ya kulijibu. Je, kijana anayepanda ulingoni anadaiwa nini na wale waliolipa kiingilio? Anadaiwa ushindi, au anadaiwa burudani? Swali hili linazidi uzito kwa sababu vijana wetu hawatazami ngumi peke yake. Katika simu zao wanautazama pia mchezo wa mapigano mseto, unaochanganya ngumi, mateke, mieleka na kabari, na wako wanaotamani kuucheza. Yafaa basi viongozi na wananchi walitafakari jambo hili mapema, kabla mazoea hayajageuka kuwa sheria.

Wako wasemao kwamba mshindani ni mshindani. Kazi yake ni kushinda kwa njia iliyo halali, na akishinda kwa kumlalia mwenzake raundi zote, hapana wa kumlaumu. Wako wengine wanaojibu kwamba mchezo wa kulipwa huishi kwa fedha ya mtazamaji, na mtazamaji hakutoka nyumbani kwake kuja kutazama watu wawili wakikumbatiana. Kila upande una hoja, na hapana upande unaostahili kudharauliwa. Lakini rai yetu ni kwamba ushindi wa haki ndio mzizi na burudani ni tunda lake, na ya kwamba dhamana ya kuvipatanisha viwili hivi ni ya mtunga kanuni, wala haistahili kutwishwa mpiganaji peke yake.

Kwanza hapana budi kutenganisha mambo yanayofanana kwa sura. Huko Makunduchi, kila mwezi wa Julai, katika sherehe za Mwaka Kogwa, watu hupigana kwa mabua ya migomba mbele ya umati. Hapana anayetangazwa mshindi, wala hapana anayeuliza. Shabaha yake ni kumaliza kinyongo cha mwaka, na kila mtu hurejea nyumbani radhi na mwenzake. Kadhalika iko mieleka ya televisheni, ambayo matokeo yake hupangwa kabla wachezaji hawajaingia ukumbini. Mambo hayo mawili ni burudani, na hayamhadai mtu anayeyajua. Shindano ni jambo jingine. Katika shindano hapana ajuaye mwisho wake, na kutojua huko ndiko kunakomfanya mtazamaji akae ukingoni mwa kiti. Ukiuondoa ukweli wa ushindi, umeiondoa na burudani yenyewe.

Historia ya mchezo huu inatupa mafunzo yaliyo dhahiri. Tarehe 26 Juni 1976, katika ukumbi wa Budokan mjini Tokyo, bingwa wa dunia wa ngumi Muhammad Ali alipambana na mwanamieleka wa Kijapani Antonio Inoki. Dunia ilitangaziwa pambano la karne. Lakini masharti yaliyokubaliwa yalimbana Inoki asiweze kutumia sehemu kubwa ya mieleka yake, naye Ali hakuwa na haja ya kumfuata sakafuni. Matokeo yake Inoki alikaa chini karibu raundi zote 15, akimpiga Ali mateke ya miguuni, na Ali akarusha ngumi zisizofika kumi. Waamuzi walitoa sare, na watazamaji wakatupa takataka ulingoni. Ali aliondoka na miguu iliyovimba. Wengi waliwalaumu wapiganaji, lakini ukipima kwa insafu utaona kwamba kila mmoja alitenda lile ambalo kanuni ziliacha kuwa la busara. Aliyestahili lawama ni yule aliyeandika masharti.

Fundisho hilo lilirejea Marekani. Tarehe 12 Novemba 1993, mjini Denver, mashindano ya UFC yalianza bila ya waamuzi wa pointi. Royce Gracie wa Brazil, mtu asiye na mwili mkubwa, aliwashinda wapinzani watatu usiku mmoja kwa kuwavuta sakafuni na kuwakaba. Watu walistaajabu na kufurahi. Lakini subira iliyomfaa Gracie haikuwa na kikomo, na mwezi wa Desemba 1994 fainali yake na Dan Severn ilirefuka hata muda uliolipiwa wa matangazo ya televisheni ukakatika, na walionunua matangazo wengi hawakuuona mwisho. Mwezi wa Aprili 1995, yeye na Ken Shamrock walishikana dakika 36 na kutoka sare.

Dawa haikupatikana kwa kuwahimiza wapiganaji wawe na moyo wa kupendeza. Ilipatikana kwa kuandika kanuni. Kufikia mwaka 2001, kutokana na kazi iliyofanywa katika jimbo la New Jersey, mchezo ulikuwa umepata raundi 3 za dakika 5, na raundi 5 kwa pambano la ubingwa, pamoja na waamuzi wa pointi na makundi ya uzito. Mwamuzi alipewa mamlaka ya kuwasimamisha wapiganaji walioshikana sakafuni bila ya kazi. Tangu hapo aliyetaka kushinda alilazimika kufanya kazi, na aliyefanya kazi aliwafurahisha watu bila ya kukusudia.

Na sisi visiwani hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Judo imechezwa hapa tangu miaka ya 1990, kwa jitihada za Mjapani Tsuyoshi Shimaoka na vijana aliowafundisha. Katika judo, mchezaji anayekwepa mashindano, asiyeshambulia na asiyemwachia mwenzake ashambulie, hupewa adhabu iitwayo shido. Akifikisha ya tatu ameshindwa. Na anayemwangusha mwenzake chali kwa nguvu na kasi hushinda papo hapo. Tazama hekima iliyomo. Njia fupi kabisa ya ushindi ndiyo hiyo hiyo inayowainua watu vitini, na uzembe hulipiwa kwa alama, mbele ya macho ya wote.

Madhara huanza pale burudani inapotolewa katika kanuni na kutiwa katika mfuko wa mshahara. Kwa miaka mingi mikataba ya wapiganaji chipukizi wa UFC ilijulikana kuwa ya dola 10,000 kwa kupanda ulingoni, na dola 10,000 nyingine kwa kushinda. Lakini pambano lililochaguliwa kuwa bora la usiku huo lilimpatia kila mmoja wa wawili wale dola 50,000. Na tupige hesabu. Mshindi mwenye hadhari, ambaye hakuchaguliwa, alirejea na dola 20,000. Aliyeshindwa katika pambano la damu lililowapendeza wakubwa alirejea na dola 60,000. Kijana masikini ataisoma hesabu hiyo bila ya kufundishwa. Itamwambia kwamba kuinua mikono na kujikinga ni hasara, na kwamba kuacha uso wazi ni biashara.

Hapo ndipo swali letu linapoacha kuwa la maskani na kuwa la afya ya umma. Tangu mwaka 1928 daktari Harrison Martland wa Marekani aliandika juu ya mabondia waliopotewa na uthabiti wa akili na wa hatua kwa sababu ya mapigo ya kichwa. Maarifa haya basi yana karibu miaka 100. Gary Goodridge, mzaliwa wa kisiwa cha Trinidad aliyelelewa Canada, alipendwa mno na watazamaji wa Marekani na Japani kwa kuwa hakujua kurudi nyuma. Katika miaka yake ya mwisho alishindwa mara nyingi, na bado aliitwa ulingoni, kwa kuwa jina lake lilijaza viti. Mwaka 2012 ilijulikana kwamba madaktari wamemkuta na maradhi ya ubongo yatokanayo na mapigo. Ukumbi uliomshangilia ulikuwa umekwisha kufunga milango.

Wala isidhaniwe kwamba kipimo cha wauza tiketi ni kipimo cha ubora. Demetrious Johnson aliutetea ubingwa wake mara 11 mfululizo, kwa ufundi ambao wajuzi wengi wanauhesabu miongoni mwa ule wa juu kabisa katika mchezo huo. Hata hivyo mwaka 2018 shirika la UFC lilikubali aende ONE Championship, kampuni ya Singapore, kwa kubadilishana na Ben Askren. Johnson alishinda, na kwa mjuzi aliburudisha, lakini hakuuza. Basi neno burudani linapotamkwa na mwandalizi, aghalabu maana yake ni mauzo, na yatupasa kulisikia hivyo.

Pamoja na hayo, hatusemi kwamba mpiganaji hana wajibu kwa watu wake. Mwezi wa Aprili 2010, huko Abu Dhabi, bingwa Anderson Silva alipambana na Demian Maia. Alipokwisha kujihakikishia pointi, akatumia raundi za mwisho kucheza na kukebehi, hata watu wakazomea, na mkuu wa shirika Dana White akaghadhibika hadharani. Ushindi ulikuwa halali, lakini heshima ya mpinzani na ya mtazamaji ilikanyagwa. Kushinda kwa hadhari ni haki ya mtu, na kumfanyia mwenzio dhihaka ni utovu wa adabu. Viwili hivyo visichanganywe.

Na tusimsahau ndugu yetu Karim Mandonga, ambaye tarehe 27 Agosti 2023 alipanda ulingoni katika uwanja wa Mao Zedong siku ngumi ziliporejea Zanzibar. Mwaka huo huo, mwezi wa Januari, alikuwa amemshinda Daniel Wanyonyi mjini Nairobi, na mwezi wa Julai akashindwa na Wanyonyi huyo huyo. Akishinda au akishindwa, watu walimfuata, kwa sababu ya ulimi wake na majina anayozipa ngumi zake. Hapana kosa katika hilo. Tambo ni sanaa ya zamani katika pwani yetu, na haimvunji mtu mbavu. Tunachohofia ni wanaoiga. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kijana atakayedhani kwamba tambo zinatosha badala ya mazoezi atafahamu vingine pale ngumi ya kwanza itakapomfika.

Kwa hiyo tunatoa nasaha zifuatazo kwa wenye mamlaka ya michezo na ya afya. Kwanza, kila mpiganaji awe na malipo ya msingi yaliyoandikwa, yanayotosha kumrejesha nyumbani bila ya deni, asilazimike kuyanunua kwa kichwa chake. Zawadi ya pambano bora, ikiwa lazima iwepo, isiizidi zawadi ya ushindi. Pili, uzembe ulingoni uadhibiwe kwa pointi, kwa kanuni zinazojulikana na zilizotangazwa kabla ya pambano, kama judo ilivyokwisha kutuonyesha. Tatu, mwamuzi na daktari wasiwe watu wa kulipwa na kuchaguliwa na mwandalizi, kwani anayeuza tiketi hawezi kuwa huru kuamua saa ya kusimamisha pambano. Nne, aliyepigwa hadi kuzirai apewe muda wa kupumzika unaowekwa na daktari, na ajulikane jina lake katika daftari moja, ili asifukuzwe Unguja leo akaja kupigana Dar es Salaam wiki ijayo. Tano, isiruhusiwe kumpambanisha chipukizi na mkongwe kwa ajili ya kicheko cha umati. Mchezo wa namna hiyo hauna ushindi wala burudani ndani yake.

Wananchi nao wana sehemu yao. Anayelipa kiingilio ana haki ya kuona shindano la kweli baina ya watu wawili waliojiandaa, wanaolingana na wanaojitahidi. Hiyo ni haki kamili, na asipoipata adai. Lakini tiketi haikumpa haki ya kudai damu ya mtoto wa mwenzake. Pale tutakaposikia ukumbi unazomea kwa sababu kijana amejikinga vizuri, tukumbuke kwamba kujikinga ni nusu ya mchezo wenyewe, na kwamba asubuhi ya pili kijana yule anatakiwa aweze kuvua samaki, kuchuma karafuu au kukaa darasani na akili zake timamu.