Hei Peke Yake Haitaokoa Kundi

Ukame unapopiga Kajiado, Longido au Simanjiro, kauli ni zilezile: viongozi huwaambia wafugaji wapunguze mifugo, nao wafugaji huomba malori ya hei. Hesabu ya hei yenyewe hufanywa mara chache.

Ng'ombe wa kienyeji mwenye kilo 250 hula takribani kilo 6 za malisho makavu kwa siku. Kiangazi kikirefuka kwa siku 90, ni kilo 540. Robota likiwa na kilo 15, ng'ombe mmoja anahitaji marobota 36. Mwenye ng'ombe 50 atatafuta 1,800. Atayanunua lini? Ukame ukishakolea bei imepaa, na pumba na mashudu ya alizeti nayo yamepanda, kwa kuwa mvua iliyokosekana malishoni mara nyingi imekosekana shambani pia. Tena mfugaji wa kuku na mwenye ng'ombe wa maziwa mjini wanayagombea mashudu hayohayo.

Basi hei ni ya wachache: mitamba, ng'ombe wenye mimba, ndama, na dume la mbegu. Wamasai hawakungoja bwana mifugo awaambie hilo. Alalili, sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua ili ndama na wanyama dhaifu wapate nyasi kiangazi, ni akiba ya chakula isiyohitaji lori. Lakini alalili hudumu pale tu kundi kubwa linapokuwa na mahali pengine pa kwenda, na Kajiado ardhi imekatwa vipande, imeuzwa na kuzungushiwa uzio. Kugawa hei huku njia za kuhamia zikizibwa ni kutoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine.

Ng'ombe wasiopata hei wauzwe, na hapo viongozi wako sahihi nusu. Wapo wafugaji wanaopenda wingi kwa ajili ya heshima, tusidanganyane. Wengi, hata hivyo, wanapiga hesabu: mtamba wa kienyeji huzaa mara ya kwanza akiwa na miaka mitatu au minne, kwa hiyo aliyeingia ukame na ng'ombe 10 akatoka na 2 hana kundi tena. Anayemtaka auze ampe bei wakati ng'ombe bado ana nyama. Kinachotokea ni kinyume. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo kaskazini na mashariki mwa Kenya, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Ununuzi wa dharura huja wakati ng'ombe anainuliwa kwa mkia, na bei yake haitoshi hata kumnunulia mwenzake hei.

Mvua ikirudi vifo havikomi papo hapo. Mnyama aliyekwisha mafuta mwilini huweza kufa kwa baridi ya mvua ya kwanza, na mvua za El Niño za 1997 na 2006 zilifuatwa na homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa unaoharibu mimba za mifugo na kufunga minada.

Kenya ilijaribu njia nyingine 2015, bima ya serikali iliyoanzia Turkana na Wajir, ambapo setilaiti hupima ukijani wa malisho na fidia hulipwa kabla mnyama hajafa. Wazo ni zuri kuliko kulipia mizoga. Ila setilaiti huona ukijani tu. Mathenge, miti vamizi, ikitanda malishoni, nayo ni kijani, na ng'ombe hawali majani yake.

Kwangu mimi, fedha kubwa ielekezwe kwenye ununuzi wa mapema. Utabiri wa vuli kwa ukanda wetu hutolewa mwishoni mwa Agosti. Ukionyesha mvua haba, minada ipate mnunuzi wa serikali na malori ya ruzuku Septemba hiyohiyo, mifugo ikiwa bado inatembea yenyewe. Mwaka wa fedha, Kenya na Tanzania, huanza Julai 1. Fungu hilo lazima liwemo kwenye bajeti kabla ya hapo, wakati nyasi bado zipo na hakuna anayelia.