Usikifungie Kifaa Kabatini

Kwa miezi kumi na tisa, kifaa ambacho kingeweza kumwambia mama mkubwa alipo mwanawe kilikaa ndani ya kopo la Blue Band, ndani ya kabati, ndani ya chumba nilichopanga hapa Moshi mjini. Hakikuwa kibovu. Kilikuwa kinasubiri hataza.

Naanza na hilo kwa sababu makala hii ni ya kulaumu, na si haki nilaumu wengine kabla sijajitaja mwenyewe.

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa wa Kibosho, ni mgumu. Ndivyo wapagazi wa Kilimanjaro wanavyojiita, na mtu akishabeba kilo ishirini za mizigo ya mgeni hadi mita 4,600 hana haja ya kueleza jina hilo limetoka wapi. Msimu mmoja aliugua akiwa kambi ya Barafu. Akaambiwa ateremke peke yake kwa njia ya Mweka. Msituni ukungu ukashuka, simu ikazimika kwa baridi, akaipoteza njia. Mama mkubwa alikaa jikoni usiku kucha, moto ukiwaka bila chungu juu yake. Alfajiri kijana akaingia, miguu imevimba, akaomba uji.

Mama mkubwa hakuuliza nani aliyemtuma mgonjwa ashuke peke yake. Aliniuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyesomeshwa: "Mwanangu, hizo kompyuta zenu haziwezi kuniambia mtoto yuko wapi?"

Zinaweza. Setilaiti za GPS zinazunguka kilomita 20,200 hivi juu yetu, kila moja ikitangaza saa yake na mahali ilipo. Kipokezi kikizisikia nne, kinalinganisha muda ambao kila ishara imetumia njiani, kisha kinajua kiko wapi na ni saa ngapi. Ukikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, umekosea mita 300. Mlima wetu wenyewe umeshapimwa hivyo: mwaka 1999 wapimaji walitumia GPS wakapata kama mita 5,892, tatu pungufu ya zile 5,895 tulizokariri shuleni. Na kusikiliza setilaiti hizo hakulipiwi hata senti.

Mimi na mwenzangu wa darasani tukaunda kifaa. Kila dakika kumi kinapima mahali kilipo. Penye mtandao kinatuma ujumbe mfupi nyumbani. Pasipo na mtandao kinahifadhi, kisha kinatuma vyote kikiupata. Mbebaji asiposogea kwa nusu saa nje ya kambi, kinatoa tahadhari. Tulikijaribu kati ya Mweka na mjini, kikafanya kazi.

Kisha tukaingia kwenye shindano la wabunifu. Jaji hakuuliza betri inadumu saa ngapi kwenye baridi. Aliuliza, "Mna hataza?" Tukasema hatuna. "Basi msimwonyeshe mtu yeyote."

Tukatii. Sehemu ya ada yangu ikaenda kwenye maombi, na kifaa kikaenda kabatini. Kaka alipanda mlima misimu miwili mizima bila hicho kifaa. Kila alipopita mjini aliuliza, "Dada, lile kopo vipi?" Nami nikajibu, "Subiri kidogo kaka, mambo ya kisheria."

Hapo palikuwa na ujinga wa kwanza, nao ni wangu. Sheria inataka uvumbuzi uwe haujatangazwa hadharani kabla ya siku ya kuwasilisha maombi. Siku hiyo ikishapita, hata ukipanda juu ya jukwaa la stendi kuu ukakieleza kifaa kwa kipaza sauti, upya wa maombi yako haupungui. Jaji hakutuambia hivyo. Sisi pia hatukusoma.

Ripoti ya ukaguzi ilipokuja, ilikuwa kurasa chache za Kiingereza kikavu. Dai la kwanza si jipya. Madai yanayofuata hayana hatua ya ubunifu: mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa fani hii angeyafikia bila kuumiza kichwa. Zikatajwa nyaraka tatu, mojawapo ikiwa na umri mkubwa kuliko wangu. Mwenzangu akasema tumeonewa kwa sababu tunatoka Moshi. Nami niliamini hivyo kwa wiki nzima.

Kisha nikazisoma zile nyaraka. Mkaguzi alikuwa sahihi.

Nasema hivi nikijua wasomaji wengi wa rika langu watanuna. Tumezoea hadithi moja: kijana wa Kiafrika anabuni, ofisi yenye makaratasi inamkatisha tamaa. Hadithi hiyo ni ya kweli mara nyingi, lakini safari hii haikuwa. Kampuni ya Qualcomm ilikuwa inafuatilia malori kwa setilaiti tangu 1988. Kupima mahali, kulinganisha na mpaka uliowekwa, kutuma ujumbe: hilo ni wazo ambalo kila mwenye lori, mwenye ng'ombe na mwenye mtoto mtoro angelipata. Mabasi yetu ya mikoani yanafuatiliwa hivyo hivyo chini ya LATRA. Panda basi la Moshi kwenda Dar es Salaam, utamsikia abiria wa kiti cha nyuma akimweleza jirani yake jinsi kinavyofanya kazi, na hajasoma uhandisi.

Nini basi kinastahili hataza? Mwaka 2010 mahakama ya rufani ya Marekani inayosikiliza kesi za hataza iliamua shauri kati ya kampuni za SiRF na Global Locate. Mbinu iliyobishaniwa ilihusu namna kipokezi kinavyoweza kukokotoa mahali kilipo hata kama hakijui saa kamili. SiRF walisema hizo ni hesabu tu, na hesabu hazimilikiwi. Mahakama ikakataa: mbinu ile haitekelezeki bila kipokezi chenyewe, na inatatua tatizo halisi la kipokezi. Unaweza usiupende uamuzi huo, lakini angalau kulikuwa na jasho ndani ya dai.

Sasa tazama upande wa pili. Kampuni iitwayo ArrivalStar ilikuwa na hataza za kufuatilia magari na kuwaarifu watu kuwa gari linakaribia. Haikujulikana kwa vifaa ilivyotengeneza. Ilijulikana kwa kesi. Ilizidai mamlaka za usafiri wa umma za miji ya Marekani, kwa kosa la kumwambia abiria basi lake liko wapi. Mwaka 2013 chama cha mamlaka hizo, APTA, kiliishitaki, na miezi michache baadaye ArrivalStar ikakubali kutowadai tena wanachama wake. Fikiria fedha za umma zilizolipwa kabla ya hapo kwa sababu, mahali fulani, mkaguzi aliruhusu dai pana kupita.

Na tulichoomba sisi kilifanana na hilo. Dai letu la kwanza lilihusu "kifaa chochote" kinachohifadhi mahali na kutuma baadaye. Kama mkaguzi angelala usingizi, kesho yake tungekuwa na haki ya kumfuata fundi wa bodaboda wa Kiboriloni anayeficha kifuatiliaji chini ya siti, tukamwambia: lipa. Fundi yule alikuwa akifanya kazi hiyo kabla sisi hatujamaliza shahada ya kwanza. Hajaandika popote, kwa hiyo asingekuwa na karatasi ya kujitetea.

Kwa hiyo lawama yangu haiendi kwa mkaguzi. Inaenda kwa wale wanaofanya hataza iwe cheti cha akili. Majaji wa mashindano wanaouliza "mna hataza?" kabla ya kuuliza "inamsaidia nani?" Washauri wanaouza hofu ya kuibiwa kwa vijana ambao bado hawajatengeneza kitu cha kuibwa. Na sisi wanafunzi wa shahada ya uzamili, tunaojaza mapitio ya machapisho kwa makala za majarida huku tukiwa hatujafungua hataza hata moja.

Nawalaumu pia wa upande mwingine, wanaosikia "imeshasajiliwa" wakafunga daftari. Hataza haina mabawa. Iliyotolewa Washington inatawala Marekani. Ili imzuie fundi wa Moshi, lazima iwe na nguvu Tanzania, ama kwa kusajiliwa BRELA, ama kwa kupitia ARIPO huko Harare, chini ya Itifaki ya Harare ya 1982, huku Tanzania ikitajwa. Na hata yenye nguvu haiishi milele. Kanuni ya kawaida duniani ni miaka 20 tangu siku ya maombi. Zile nyaraka tatu zilizotuangusha hazikuwa na nguvu hapa kwetu, na ile kongwe ilikuwa imekwisha muda kila mahali. Ndani yake mlikuwa na michoro, mpangilio wa hatua, hata namna ya kulaza kipokezi usingizi ili betri isife. Hayo ndiyo mapatano ya hataza: umma unakupa ukiritimba wa muda, wewe unauachia maarifa. Tunaulipia ukiritimba, halafu maarifa tunayaacha rafuni.

Barua yetu ya kukataliwa, kwa maneno mengine, ilikuwa orodha ya vitabu vya bure iliyoandaliwa na mtu anayejua kupekua.

Najua pingamizi lenyewe: bila hataza, mwenye mtaji atachukua wazo la maskini. Ni kweli anaweza. Ukiwa na suluhisho la kweli, nenda kaombe, tena mapema. Lakini kwa wazo ambalo ni la kila mtu, kuna kinga nyingine isiyo na gharama kubwa: liandike, litangaze, liweke tarehe. Kilichokwisha kutangazwa mtu mwingine hawezi kukidai kuwa kipya. Maandishi ya Kiswahili nayo yanahesabiwa. Tatizo ni kwamba mkaguzi wa Harare hawezi kupekua kilichobaki mdomoni mwa fundi. Kila ujuzi wa gereji tusiouandika ni kiwanja kisicho na mipaka, na wapo watu ambao kazi yao ni kutafuta viwanja vya namna hiyo.

Sisi tumeandika. Kurasa kumi na moja za Kiswahili, michoro, orodha ya vipuri na bei zake, pamoja na makosa yetu. Tumeziweka wazi mtandaoni, na nakala moja ipo kwa fundi wa Kiboriloni, aliyetusahihisha mahali pawili.

Julai kaka alipanda tena, kopo likiwa ndani ya koti, karibu na kifua ili betri ipate joto. Usiku wa tatu hapakuja ujumbe, na mama mkubwa alinipigia mara nne. Hakuna aliyelala. Siku ya kushuka, saa kumi na dakika ishirini jioni, simu yake ikalia. Aliisoma taratibu, kidole kikifuata herufi: MWEKA KAMBI. ANATEMBEA. Ujumbe ulikuwa umechelewa dakika arobaini.

"Anatembea," akasema, akaenda kuinjika ndizi.

Bado tunatafuta sababu ya ule usiku wa tatu. Ukiijua, tuandikie. Kopo liko wazi.