Nguvu ya Mpini Imo Katika Nyuzi Zake

Katika mji wa Kigali, Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya umuganda. Askari, polisi na raia hushika majembe bega kwa bega, wakichimba mitaro na kupanda miti. Mpini ukivunjika katikati ya kazi hiyo, jembe laweza kuruka na kumjeruhi aliye karibu. Kwa hiyo mpini si kitu cha kununuliwa kwa pupa.

Mara nyingi lawama hutupiwa aina ya mti. Husemwa kwamba mkaratusi ni mgumu na msindano ni laini, na neno hilo lina ukweli wake. Hata hivyo, mti mgumu uliochongwa kinyume cha nyuzi zake waweza kushindwa na mti wa wastani uliochongwa vyema. Ubao ni mfano wa mganda wa nyuzi ndefu zilizogandamana. Kwa urefu huhimili mvuto mkubwa. Kwa upana huachana upesi, kama ajuavyo kila mpasua kuni.

Nyuzi zikienda sambamba na mpini toka ncha hadi ncha, pigo hupokewa na zote. Zikienda mshazari, huishia ubavuni, na hapo ufa hupata njia. Vipimo vya wataalamu vyaonyesha kwamba nyuzi zikipotoka sentimita 1 katika kila sentimita 10 za urefu, uwezo wa kuhimili pigo la ghafula hupungua kwa zaidi ya theluthi moja. Zikipotoka sentimita 1 katika kila 5, hupungua kwa karibu theluthi mbili.

Baadhi ya mikaratusi ina nyuzi zinazojisokota kulizunguka shina. Msumeno hauzifuati, hutoa mpini ulionyoka machoni, kumbe nyuzi zimekatwa. Kabari na shoka, kinyume chake, hulipasua gogo kwa kufuata nyuzi.

Basi mnunuzi afikapo kwa maseremala wa Gakinjiro, Gisozi, na autazame mpini pande zote. Nyufa ndogo za kukauka humwonyesha mwelekeo wa nyuzi. Akiona zinakatiza ubavu, au akikuta fundo katikati, aurudishe. Miguu ya ngazi nayo ikaguliwe vivyo hivyo.

Wala asidanganywe na vanishi. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.